Onyesha Mahali

Somo: 2 Wafalme 6:1–7



Mtu akidondosha pete mtoni, tunampa pole na kumwambia maji yameshaichukua. Wanaosaka mitoni kwa vifaa vya kutambua metali hawakubali upesi hivyo. Wanajua kinachosafiri zaidi ni mchanga. Mafuriko yakija, maji hula mchanga chini ya pete, pete ikashuka, kisha mchanga mwingine ukaifunika. Hivyo hivyo inazidi kuzama hadi ikutane na mfinyanzi au kokoto, itulie. Mara nyingi haiko mbali na ilipoanguka; iko chini zaidi.

Kwa hiyo msakaji huanza kwa kuuliza: kivuko kilikuwa wapi? Watu walioga upande gani? Kifaa chake hulia kwa sarafu, hulia pia kwa msumari na kizibo cha soda, naye hana budi kuchimba vyote. Kwenye tope, shimo hujifukia kabla beleshi halijarudi.

Jijini London, mto Thames ukipwa, wenye kibali cha mamlaka ya bandari hupekua tope jeusi lisilo na hewa, lenye kuhifadhi vitu. Humo zimeopolewa beji ndogo za mahujaji waliozuru Canterbury, kwenye kaburi la Askofu Mkuu Thomas Becket, aliyeuawa mwaka 1170. Kaburi lilibomolewa mwaka 1538 kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane. Beji zilizozama zimebaki.

Katika somo letu, mmoja wa wana wa manabii alikuwa akikata mti kando ya Yordani, chuma cha shoka kikachomoka na kutumbukia majini, nacho kilikuwa cha kuazima. Nabii Elisha hakumkemea. Alitaka kujua kilipoangukia, kijana akamwonyesha. Ndipo chuma kikaelea. Muujiza ulikuwa wa Mungu, lakini kuonyesha mahali ilikuwa kazi ya aliyepoteza.

Ndugu wawili hawasemezani, tunasema upendo umekwisha. Mama aliyeimba kwaya miaka mingi haji tena ibadani, tunasema imani imemtoka. Pengine havikwenda popote. Vilianguka mahali: kwenye kikao cha kugawa shamba la marehemu baba, wodini, usiku aliofariki mtoto, au msibani, washarika walipongojwa wasitokee. Juu yake zimelala shughuli nyingi na zile “salama tu” za kila asubuhi.

Wiki hii, kabla hujaomba amani irudi, mtajie Bwana pale ilipopotelea, hata kama utaanza kwa kuchimbua misumari. Na kama pana mtu anayehusika, mwendee mwenyewe, usimtumie ujumbe wa simu. Lile shoka lilikuwa na mwenyewe. Kuliopoa kulimaanisha pia kulirudisha.

Tuombe: Bwana, tupe ujasiri wa kuonyesha mahali, na unyenyekevu wa kurudisha kisicho chetu. Amina.