Nyumba ya Kale na Baraza Mpya

Je, mtu akinunua nyumba kwa fedha yake halali, amenunua pia ruhusa ya kuibadili apendavyo? Wengi watajibu upesi, Ndiyo. Lakini liko jambo katika miji ya Marekani litupasalo kulitafakari kabla ya kujibu.

Mwaka 1931 mji wa Charleston, katika jimbo la South Carolina, uliweka sheria ya kulinda mtaa wake wa kale, nao ulikuwa wa kwanza katika nchi ile kufanya hivyo. Miji mingine ikafuata. Mwaka 1966 ikaja sheria ya taifa, na mwaka 1977 serikali ikatoa kanuni za kuwaongoza watengenezao nyumba za kale. Leo, katika mitaa mingi ya namna hii, mwenye nyumba hawezi kuongeza baraza pasipo kupeleka michoro yake mbele ya halmashauri.

Tuseme mtu ana mama mzee ambaye hawezi tena kushuka ngazi. Ataka kumjengea baraza yenye paa nyuma ya nyumba, apate kuketi kivulini na kupunga upepo. Halmashauri yamrudishia michoro: baraza ni kubwa mno, tena itafunika madirisha ya kale. Mtu yule akasirika, asema, "Waliojenga nyumba hii wamekufa. Mama yangu yu hai." Neno lake si dogo, wala halijibiwi kwa kumwonyesha kitabu cha sheria. Mwingereza John Ruskin alishikilia mwaka 1849 kwamba sisi tulio hai hatuna haki juu ya majengo ya kale, kwa sababu tu katikati ya wenyewe wawili, waliojenga na watakaorithi. Mimi naona alisema nusu ya kweli. Wafu hawalowi mvua.

Tena itazameni Mount Vernon, nyumba ya George Washington, rais wa kwanza wa nchi ile. Baba yake aliijenga mwaka 1734, nyumba ya kiasi. Mwana akaipandisha, akairefusha pande mbili, na mwaka 1777 ikajengwa baraza ndefu yenye nguzo nane upande wa nyuma, uelekeao mto Potomac. Hapakuwa na halmashauri ya kumzuia, na leo baraza ile ndiyo sura ya nyumba ijulikanayo na watu wote. Chama cha wanawake kilichofanya mapatano ya kuinunua mwaka 1858 kilikuta nguzo zimeoza, na paa limeshikizwa kwa milingoti ya merikebu. Hawakusema, Hii ni nyongeza tu, na ianguke, waliitengeneza. (Kuta zake ni za mbao zilizochongwa na kutiwa rangi na mchanga zipate kuonekana kama mawe. Ni ajabu kidogo, kwa mtu ambaye hadithi za watoto humsifu kwamba hakuweza kusema uongo.)

Basi, ikiwa nyongeza ya zamani imekuwa urithi, kwa nini kumzuia mtu wa leo? Kanuni zenyewe zakiri kwamba badiliko lililopata heshima kwa kupita kwa miaka lapasa kuhifadhiwa nalo. Zitakalo hasa ni kwamba nyongeza isiharibu vitu vya kale, na ijengwe hivi kwamba ikiondolewa siku moja nyumba ibaki nzima. Hapo ndipo lilipo jibu la mtu yule. Kivuli cha mama hakihitaji kubomoa ukuta. Nguzo zaweza kusimama juu ya msingi wake zenyewe, na paa likashikizwa kwa skrubu chache zilizotiwa katika chokaa ya katikati ya matofali, si katika tofali lenyewe. Mlango wa kale ukitolewa, na uwekwe darini.

Zaidi ya hayo zataka kazi mpya ipatane na ya kale, lakini itambulikane kuwa ni mpya. Wengi hawapendi hivyo. Wataka baraza ifanane kabisa na ya mwaka 1800. Mimi nakubaliana na kanuni. Kufanya vile ni kama kuandika barua leo na kuitia tarehe ya zamani.

Lakini liko jambo moja nisilolipokea upesi. Desturi ni kuweka nyongeza nyuma, pasipoonekana kutoka barabarani, maana uso wa nyumba ni wa mtaa mzima, na nyuma ni kwa wenyeji. Sawa, lakini ni nani waliokaa nyuma? Katika Charleston, huko ndiko zilikokuwa jiko na vyumba vya watumwa. Katika nyumba iitwayo Aiken-Rhett vyaonekana hata sasa. Na Mount Vernon, Washington alipokufa mwaka 1799, palikuwa na watumwa 317. Watu wa namna hiyo hawakuandikwa jina mlangoni pa mbele. Alama zao ni kizingiti kilicholika kwa nyayo, masizi ukutani, vigae vya vyungu katika udongo wa uani. Tukisema nyuma ni mahali pa kubadilishwa bila kuangalia, twawafuta mara ya pili.

Kwa hiyo halmashauri ikimwambia mwenye nyumba apunguze mashimo ya nguzo, na udongo utazamwe kabla ya kumwaga saruji, asidhani anaonewa. Lakini kazi itachelewa mwezi mmoja, labda miwili, na mama atangoja ndani katika joto. Nao walioketi mezani na michoro yake wapaswa kulikumbuka hilo, wasiiache mpaka kikao kijacho kwa sababu ya uvivu.