Chura Asiyekula

Kijana mmoja wa kikundi chetu aliniletea chura ndani ya ndoo. Alimkamata usiku karibu na bomba la maji, pale ambapo udongo unabaki matope hata kiangazi. Chura wa kawaida tu, wa kahawia, mwenye vipele mgongoni, wale wanaokaa chini ya taa kungoja wadudu. "Yaya," akaniambia (kwetu yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa kuajiriwa, ingawa siku hiyo nilikuwa vyote viwili), "leo siku ya tatu hali kitu. Nisaidie tumfungue mdomo."

Nikachungulia. Alikuwa amemwekea kipande cha bugali, maharage matatu, na nzi waliokufa, wamepangwa vizuri juu ya kifuniko. Tusimcheke. Mgao wa unga na maharage hapa Nyarugusu sote tunaujua. Mtoto anayemega bugali wake akampa chura hachezi.

Nikaingia kwenye simu kutafuta. Kumbe vyura wengi hawatambui chakula kisichotembea. Tangu mwaka 1959, Jerome Lettvin na wenzake watatu kule Marekani waliandika kuhusu jicho la chura, wakaeleza kwamba anaweza kufa njaa huku amezungukwa na chakula, kama chakula hicho hakijongei. Kwake yeye nzi mfu ni sawa na kijiwe. Tena chura aliyehamishwa anaweza kukaa siku kadhaa bila kula kwa woga tu, na siku hizo hazimuui haraka, maana mwili wake hautumii chakula kutengeneza joto kama wetu. Anachotaka kwanza ni giza, unyevu (maji hanywi kwa mdomo, anayafyonza kwa ngozi), mahali pa kujificha, na watu waache kumchungulia. Ukimpanua mdomo kwa nguvu unaweza kumvunja taya.

Basi tukaweka udongo mbichi, kigae cha chungu kilichovunjika, na majani ya mgomba. Tukafunika na kipande cha chandarua cha zamani, tukanawa mikono. Jioni tukaachia panzi wawili wadogo, wazima. Msichana mmoja wa kikundi akauliza, "Na panzi je, yeye nani anamhurumia?" Sikuwa na jibu zuri. Mpaka leo sina.

Lile neno "tumfungue mdomo" lilinikaa rohoni, kwa sababu mimi nimeshafungua mdomo wa mtu.

Alikuwa kijana wa kutoka upande wa Fizi, amefika peke yake, akapewa familia ya kumlea karibu na kwetu. Siku mbili hali. Mama mlezi aliona aibu, majirani watasema anamnyima mtoto wa watu. Akaniita. Nikakaa mbele ya yule kijana, nikasogeza sahani, nikamwambia, "Hutoki hapa mpaka iishe." Akala. Alikuwa ananitazama mimi muda wote, si chakula. Kisha akaenda nyuma ya choo akatapika vyote. Nilimsikia. Na kwenye ripoti yangu ya wiki niliandika neno moja: amekula.

Je, nilidanganya? Nimelizungusha swali hili muda mrefu. Kiswahili chenyewe kinatofautisha kula na kulisha. Kulisha naweza kukufanyia, kula ni kwako wewe mwenyewe, hata mama yako hawezi kukufanyia. Kwenye fomu zetu tunahesabu waliolishwa. Waliokula hatuwahesabu, wala sijui tungewahesabuje.

Msinielewe vibaya, simfananishi mkimbizi na chura. Tumeshafananishwa na vitu vingi, inatosha. Wala sitaki mtu afunge ukurasa huu aseme, "Basi tuwaache wenyewe." Maneno "amekataa mwenyewe" yameshafunika uvivu mwingi, na mimi nimewahi kuyatumia. Mtoto aliyekonda mpaka hawezi kumeza anapitishiwa maziwa kwa mpira wa puani, hakuna anayengoja akubali, na ni sawa kabisa. Mwili ukifika ukingoni, hakuna muda wa kuulizana. Lakini yule kijana hakuwa ukingoni. Ilikuwa siku ya pili tu. Mimi nilianza na kile kinachotakiwa kuja mwisho, kwa sababu nilitaka ishike haraka, na kwa sababu mama mlezi alikuwa anaangalia kama najua kazi yangu.

Sikumuuliza hata kwao walikuwa wanakulaje. Nilikuja kujua kwa bahati tu. Kwao wavulana walikula na baba yao sahani moja. Hapa alikuwa anapewa ya kwake, peke yake, kwenye stuli, na nyumba nzima inamkodolea macho ione kama atakula. Siku watoto wa nyumba ile walipoweka sahani moja mkekani, sombe katikati, wakaanza kugombania, naye akanyoosha mkono. Hakuna aliyemwambia karibu. Mimi sikuwepo.

Turudi kwenye ndoo. Usiku wa pili baada ya kumtengenezea, panzi mmoja hakuonekana. Mwenye chura alikasirika, alitaka kumwona akila. Nikamwambia ndiyo bei yake hiyo, atakula ukiwa umelala. Akanyamaza, halafu akauliza, "Sasa tunamweka kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya panzi, si hilo. Nikamwambia tunaweza kumrudisha bombani.

"Akirudi kwao atakula?"

"Atakula."

Akafikiri kidogo. "Yeye kwao ni karibu," akasema.

Giza lilipoingia tukaibeba ndoo, tukailaza pale kwenye matope, tukasimama mbali. Chura hakutoka. Tukangoja mpaka mbu wakatushinda. Ningeweza kuinua ndoo na kumkung'uta, ni sekunde moja tu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuigusa. Tukaiacha. Asubuhi tuliikuta pale pale, imebaki majani na panzi mmoja. Kijana aliiosha mara mbili kabla ya kwenda nayo nyumbani, maana ilikuwa ndoo ya mama yake ya kufulia, na alikuwa ameshaanza kuiulizia.