Neno Lisifupishwe: Noeli ya Mtandaoni Ngara na Biharamulo

Majuma manne ya Majilio, yaani kipindi ambacho makanisa mengi hujiandaa kuadhimisha kuzaliwa kwa Kristo, yamekuwa pia majuma ya video. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kama ilivyo kwingine nchini Tanzania, kipindi hicho kinapofika makundi ya WhatsApp ya jumuiya, sharika na kwaya hujaa vipindi vya Noeli vilivyorekodiwa kwa ustadi unaoongezeka mwaka hadi mwaka: waimbaji waliovaa sare mpya, vilima na migomba iliyopigwa picha kutoka angani, salamu za viongozi, na katikati ya hayo aya moja au mbili za Maandiko zinazopita upesi juu ya kioo cha simu huku kinanda kikiendelea kulia. Vipindi hivyo hutangazwa kuwa ni vya masomo na nyimbo takatifu, lakini masomo yenyewe hayasomwi. Hilo ndilo jambo ambalo makala haya yanakataa kulizoea.

Ibada ya masomo na nyimbo, kwa asili yake, ni mpango ambamo Maandiko hutangulia na muziki huyaitikia. Mpango huo ulianzia Truro, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika mkesha wa Krismasi wa mwaka 1880, Askofu Edward White Benson alipoandaa ibada ya masomo tisa ndani ya jengo la muda la mbao, kwa kuwa kanisa kuu la dayosisi yake lilikuwa bado linajengwa. Mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza vya dunia vikiwa vimekwisha majuma machache tu kabla, Eric Milner-White, kasisi aliyekuwa amewahudumia askari vitani, aliupeleka mpango huo katika kanisa la Chuo cha King's, Cambridge, na mwaka 1928 BBC ikaanza kuurusha kwa redio. Masomo huanza na Mwanzo sura ya 3, pale Adamu na Hawa wanapojificha bustanini, yakapita kwa Ibrahimu na kwa nabii Isaya, yakafika kwa Luka na Mathayo, kisha yakaishia kwenye utangulizi wa Injili ya Yohana. Wasomaji nao hupangwa kwa ngazi, hata somo la kwanza likawa la mtoto wa kwaya na la mwisho likawa la mkuu wa chuo.

Ubora wa mpango huo hauko katika Uingereza yake wala katika sauti za wavulana wa Cambridge, bali katika ukweli kwamba msikilizaji hupewa habari nzima, kuanzia anguko la mwanadamu hadi Neno kufanyika mwili, bila kuhubiriwa wala kushawishiwa. Kwa mtu asiyesikia habari ya Mwanzo, hori la Bethlehemu hubaki picha ya kupendeza tu, na kwa mtu asiyemsikia Isaya akisema na watu waliokaa gizani, wimbo wa malaika hugeuka kuwa burudani ya msimu. Kwaya inayoimba vizuri baada ya somo kusomwa vizuri hulifunua somo hilo, lakini kwaya inayoimba mahali pa somo hulificha, hata kama kila sauti, kuanzia ya kwanza hadi ya nne, imepangwa pasipo kosa.

Watakuwapo watakaosema kwamba watu wa siku hizi hawana subira ya kusikiliza usomaji, na kwamba kipindi kisichochangamka hakitazamwi. Hoja hiyo inawadharau watu wanaosemewa. Waumini wa vigango vya Biharamulo hukaa katika ibada za saa mbili na zaidi bila kunung'unika, na vijana wale wale wanaodaiwa kukosa subira husikiliza mpira redioni kwa dakika tisini pasipo kuona mchezaji hata mmoja. Masomo yote tisa ya mpango wa Cambridge, yakisomwa kwa utulivu, hayafiki nusu saa. Kama usomaji unachosha, sababu ni kwamba msomaji hakuandaliwa: amepewa kitabu dakika ya mwisho, hajui pa kupumzikia wala pa kukaza sauti, na amesogezwa mbali na kipaza sauti ili kwaya ipate nafasi. Mwalimu wa kwaya hutumia miezi kufundisha nota za wimbo mmoja, na ni haki kabisa kudai kwamba msomaji wa Luka sura ya 2 afundishwe angalau kwa majuma mawili.

Ngara ina sababu yake ya pekee ya kulisoma Andiko la Noeli kwa ukamilifu, na sababu hiyo imeandikwa katika historia ya mto Kagera. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya muda wa saa ishirini na nne hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara wakikimbia vita na mauaji ya kimbari, na wilaya iliyokuwa haijulikani sana hata ndani ya Tanzania ikajikuta inabeba kambi ya Benaco na nyingine zilizofuata, huku Warundi nao wakipata hifadhi katika kambi ya Lukole. Wengi wa Wanyarwanda hao walirudishwa kwao mwezi Desemba 1996, yaani katika majuma yale yale ya Majilio. Jamii iliyoshuhudia hayo haiwezi kusomewa Noeli inayokatishwa kwenye zawadi za mamajusi. Mpango wa Cambridge wenyewe, pamoja na uzuri wake wote, unapofika Mathayo sura ya 2 huishia kwa mamajusi, wala haumfikishi msikilizaji kwenye usiku ule ambao Yusufu anamchukua mtoto na mama yake kukimbilia Misri, wala kwenye kilio cha kina mama wa Bethlehemu. Pengine Cambridge ya mwaka 1918, ambayo tayari ilikuwa imezika vijana wengi, iliona inatosha. Ngara haina ruhusa ya kuishia hapo, kwa sababu familia inayovuka mpaka usiku ikiwa na mtoto mchanga si habari ya kale katika wilaya hiyo, na wazee waliowapokea wageni hao kwa maji na viazi bado wapo na wana sauti za kusomea.

Wala kupeleka Neno na muziki hewani si jambo geni huko. Mwaka 1995 Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mjini Ngara ili kuwafikia watu wa kambini, na jina hilo, ambalo kwa Kirundi na Kinyarwanda ni tumaini, linaeleweka pia kwa Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, bila mkalimani. Redio hiyo ilijifunza mapema jambo ambalo watengenezaji wa vipindi vya mtandaoni wanaonekana kulisahau, yaani kwamba mtu aliyepoteza makazi hahitaji kuonyeshwa sare. Anahitaji kusikia sauti inayosema naye kwa lugha anayoijua, kwa saa anayoweza kuitegemea.

Yupo mpinzani mwingine, naye anastahili heshima kubwa zaidi kuliko yule wa kwanza. Huyu husema kwamba Noeli ya mtandaoni haifai kabisa, hata ikisomwa vizuri, kwa sababu imani ya Kikristo ni kuishi pamoja. Anaweza kumtaja Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza jimbo la Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996, ambaye aliishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa na kutaka imani ionekane katika kushirikiana kazi, chakula na maisha. Kwa mtazamo huo, Mkristo anayeadhimisha Noeli peke yake chumbani, simu mkononi, amepokea kivuli cha sikukuu. Hoja hii ni ya kweli kwa sehemu yake kubwa, na mtu yeyote anayeweza kufika kanisani lakini akachagua kubaki kitandani na video hana cha kujitetea.

Hata hivyo, hoja hiyo haikamiliki, na jimbo lile lile, ambalo sasa huitwa Rulenge-Ngara, ndilo lililoonyesha hivyo. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la korona, ambapo serikali ilikuwa imeacha nyumba za ibada wazi na kuwahimiza watu waendelee kusali, Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara aliamua kusimamisha kwa muda misa za hadhara jimboni mwake ili kulinda uhai wa waamini. Uamuzi huo haukuwa wa mtu asiyethamini mkusanyiko. Ulikuwa wa mchungaji aliyejua kwamba kuna wakati upendo huwataka watu wakae mbali, na kwamba wakati huo Neno halina budi kuwafuata walipo. Tena wapo ambao kwao wakati huo haukwisha mwaka 2020: mgonjwa aliyelazwa hospitali ya Murgwanza usiku wa mkesha, muuguzi wa zamu, mlinzi wa lango, dereva wa lori aliyesubiri forodhani Rusumo au Kabanga, mama aliyejifungua siku mbili kabla ya sikukuu, na mtoto wa Biharamulo anayefanya kazi Dar es Salaam ambaye nauli ya kurudi nyumbani ilimshinda. Kipindi cha mtandaoni ni haki ya hao kabla ya kuwa anasa ya wengine, na anayekitengeneza awafikirie hao kwanza.

Akiwafikiria hao, mambo mengi yatajirekebisha yenyewe. Video nzito humaliza bando, yaani kifurushi cha data kinachonunuliwa kwa siku au kwa juma, kabla hata somo la tatu halijaanza, ilhali sauti peke yake hupita kwa gharama ndogo, hutumwa kwa WhatsApp, hurushwa na redio, na huwekwa kwenye memori kadi na vijana wa vibanda vya kurushia nyimbo sokoni. Ni kweli kwamba mkongo wa taifa wa mawasiliano unafika hadi mipaka ya Rusumo na Kabanga, na kwamba maporomoko ya Rusumo sasa yana mtambo wa megawati 80 ambao umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini waya unaopita kando ya barabara kuu haumfikii bibi wa kijijini ambaye simu yake haina hata kioo cha kugusa. Kipindi kilichopangwa kwa ajili ya sikio kitamfikia yeye na mwanafunzi wa chuo kwa pamoja.

Kuhusu muziki wenyewe, neno takatifu lina maana iliyo wazi katika mapokeo ya Kanisa: ni muziki unaotumikia ibada na Neno. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi yake katika ibada, na mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga alichapisha utafiti kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu nchini Tanganyika. Kagera haina sababu ya kujiona maskini katika jambo hili. Mwaka 1966 mchungaji Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa mkoa huo huo, alitunga wimbo wa Pasaka uitwao Mfurahini, Haleluya kwa lahani ya Kihaya, yaani tuni ya wenyeji, na leo wimbo huo umo katika vitabu vya nyimbo vya Kijerumani na vya Kiingereza, ukiimbwa na watu ambao hawajui Bukoba iko upande gani. Ikiwa Pasaka ya Kagera ilifika Ujerumani bila intaneti, ni vigumu kueleza kwa nini Noeli ya Ngara iendelee kuazima midundo iliyohifadhiwa ndani ya kinanda, inayofanana kutoka kwaya moja hadi nyingine, wakati Wahangaza, Washubi, Wazinza na Wasukuma wa wilaya hizi wana namna zao za kumbembeleza mtoto, na kumbembeleza mtoto ndiyo kazi hasa ya wimbo wa Noeli.

Upande wa Maandiko, Biblia ya Habari Njema iliandaliwa kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, kwa hiyo Waanglikana wa Dayosisi ya Kagera yenye makao yake Ngara, Wakatoliki wa Rulenge-Ngara na Walutheri hawana kizuizi cha kusoma pamoja katika kipindi kimoja. Kila kwaya iombe ruhusa ya watunzi wa nyimbo itakazotumia, kwa kuwa kazi ya mtunzi inalindwa na sheria hata inapoimbwa kwa ajili ya Mungu. Mtoto wa kipaimara asome Mwanzo, mzee wa kijiji cha mpakani asome Mathayo 2 hadi mwisho wa kilio cha Bethlehemu, askofu asome Yohana, na kati ya masomo kila kwaya iimbe wimbo mmoja, usiozidi. Viongozi wanaoandaa kipindi cha mwaka huu, kabla ya kushona sare na kabla ya kumlipa mpiga picha, waanze kwa kumtafuta msomaji.