Silaha Isiyojua Kutubu

Miongoni mwa masuala ambayo wanavyuoni na wanafalsafa wameyapima tangu zama za kale, limo moja ambalo kila kizazi hulirithi bila ya kulimaliza: je, mnyonge aliyedhulumiwa, asiye na mzinga wala ndege wala hazina ya kununulia zana, aruhusiwa kupigana kwa kila kitu ambacho mkono wake waweza kukiunda, au iko mipaka ambayo hata udhaifu wake haumpi idhini ya kuivuka?

Kwanza tukiri kwamba silaha ya kujiundia si haramu kwa sababu ya ufukara wake. Wapiganaji wa Mau Mau, walioingia katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mwezi wa Oktoba 1952, wengi wao hawakuwa na ila panga na sime, na mafundi wao wakawaundia bunduki kwa vipande vya mabomba ya maji na makomeo ya milango, bunduki ambazo mara nyingine zilimpasukia mwenyewe aliyezishika. Hatari ya silaha ile ilianzia kwa mbebaji. Ilimlazimu amkaribie adui yake, amtazame, na aitie roho yake mwenyewe katika mizani kabla ya kuitia ya mwenziwe. Wala sisemi kwamba silaha ya mkono humtakasa aishikaye, kwani usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wanawake na watoto walichomwa na kukatwa na watu waliojiita wapigania uhuru, kisha wengine wakauawa kwa kisasi na upande wa serikali. Lakini aliyeinua panga usiku ule alikuwa na nafasi, japo ya kupepesa jicho, ya kumwona mtoto na kuuzuia mkono wake. Na kwa kuwa hakuuzuia, dhambi ile ni yake kamili, na hana wa kumgawia.

Bomu lililotegwa njiani ni jambo jengine kabisa. Mwenye kulitega huondoka akenda zake, akala na akalala, na lile bomu likabaki likingoja, halina jicho la kumpambanua askari na mgonjwa anayepelekwa hospitali, wala sikio la kusikia kilio. Katika barabara za Somalia, na za Mandera na Lamu upande wa Kenya, vilipuzi vya namna hii vimewaua askari, na vimewaua pia raia ambao kosa lao lilikuwa ni kusafiri. Mtegaji husema kwamba nia yake ilikuwa ni askari, na kwamba amali hulipwa kwa nia. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau nia yake ingalisafiri pamoja na bomu. Walakini nia imekwenda zake pamoja na mwenyewe, na kilichobaki njiani ni baruti tu.

Mafakihi wa Kiislamu walikwisha kulitolea hukumu jambo lililo mfano wa hili, karne nyingi kabla ya mabomu ya njiani kujulikana, waliposema kwamba mwenye kuchimba kisima katika njia ya watu bila ya haki, dhamana ya atakayetumbukia ni juu yake, hata kama hakuwapo na hakumjua. Na kabla yao Taurati, katika kitabu cha Kutoka, ilikwisha kumlazimisha mwenye kufunua shimo asilifunike alipe ng'ombe au punda aliyetumbukia humo. Ikiwa mnyama ana fidia, mwanadamu je? Na dini iliyohesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni tawi katika matawi ya imani, yawezaje kumhesabia thawabu aliyeutia udhia huo kwa makusudi, tena akaufukia usionekane?

Hapa hujibiwa kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Naam, walakini kanuni hiyo ina nduguye, nayo ni kwamba dharura yangu haiondoi haki ya mwengine, ndiyo maana wanavyuoni wakasema kwamba hata mtu aliyelazimishwa kwa kutishiwa roho yake hana udhuru wa kumuua asiye na hatia. Wako wanaoshika maneno ya Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kuhusu adui anayejikinga kwa mateka Waislamu, wakidai kwamba aliruhusu mateka wapigwe. Lakini Ghazali aliweka masharti matatu: dharura isiyo na njia nyengine, yakini isiyo dhana, na maslaha ya umma mzima si ya kundi. Basi na apimwe mtegaji wa bomu la njiani kwa masharti hayo, aonekane amelitimiza lipi.

Bomu la garini nalo halina jicho. Tarehe 14 Oktoba 2017, lori lililojaa vilipuzi lililipuka katika njia panda ya Mogadishu yenye watu wengi, na waliokufa wakapindukia mia tano. Serikali ya Somalia ililishutumu kundi la al-Shabaab, na kundi hilo, ambalo aghalabu hujifakhirisha kwa mashambulio yake, halikujitokeza kudai lile. Ushujaa usiothubutu kutaja jina lake umekwisha kujihukumu.

Insafu yatutaka tuseme kwamba sharia hii ya kutomuua asiye na hatia haimhusu mnyonge peke yake. Dola inayodondosha mabomu mijini kutoka mawinguni, rubani wake asione uso wa mtu, imesimama mbele ya mizani ile ile, tena bila ya udhuru wa ufukara. Lakini dhulma ya mwenye nguvu haigeuki kuwa fat'wa ya mnyonge, kwani raia aliyeuawa njiani si yeye aliyerusha ndege.

Ubaya wa mwisho wa bomu la kutegwa ni kwamba ni silaha isiyojua kutubu. Mpiganaji aweza kujuta, na viongozi waweza kupatana. Bomu halina khabari ya mapatano. Vita vya Msumbiji vilikoma kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, lakini nchi ile haikutangazwa kuwa imesafishwa mabomu ya ardhini ila mwaka 2015, baada ya miaka ya kazi ambayo ndani yake walitumika hata panya buku waliofunzwa kunusa baruti huko Morogoro. Mabomu yale yalitegwa na pande mbalimbali, na mengi yalitoka viwandani, wala aliyeyakanyaga hakuona tofauti.

Mataifa yalipoafikiana huko Ottawa mwaka 1997 kuyapiga marufuku mabomu yanayolipuliwa na mguu wa mpitaji, hayakubagua la kiwandani na la kujiundia. Na wapiganaji wa Sudan ya Kusini, waliokuwa bado msituni, waliweka ahadi yao wenyewe mwaka 2001 ya kuyaacha. Kwa hivyo haisemeki kwamba muasi hawezi. Basi masheikh na makasisi wetu, wanaosikilizwa na vijana kabla ya vijana hao kuyasikiliza majeshi, na waseme juu ya mimbari bila ya kutafuna maneno: mwenye kudai haki yake ana haki ya kupambana na aliyemdhulumu, wala hana haki juu ya mpita njia.