Herufi ya U

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa lililosimama baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi ilikuwa ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano, bahari yetu. Ilibeba setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahususi kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Kwa heshima ya siku ile, na kama asante kwa wenyeji, wakaiita Uhuru.

Aliyeongoza utafiti wake alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyefanya kazi Marekani. Mwaka 1962 yeye na wenzake walikuwa wamegundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wetu wa jua. Mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Setilaiti yenyewe ilifanya kazi hadi 1973, na orodha ya nne ya matokeo yake ina vyanzo 339. Kila kimoja kinaanza na 4U. Nne ni toleo la orodha. U ni Uhuru. Hadi leo, mtu akiandika kuhusu 4U 1820-30, nyota mbili zinazozungukana kwa dakika 11 hivi, anaandika herufi ya kwanza ya neno letu, awe anajua au hajui.

Sasa swali langu ni hili: hapo sisi tumetajwa, au tumetumiwa tu?

Katika sayansi, deni hulipwa kwa kutaja. Ukitumia kazi ya mwenzako, unamrejelea. Marejeleo hayo huhesabiwa, na mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza njia ya kuyafupisha yawe namba moja, inayoitwa h. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, h yako ni 20. Rahisi hivyo. Leo namba hiyo huangaliwa mtu anapoomba kazi, cheo au pesa za utafiti.

Siidharau. Mara nyingi kazi inayorejelewa sana ni ile iliyowafaa wengi, na afadhali namba kuliko kujuana. Lakini namba hii inahesabu deni lililoandikwa peke yake. Fundi aliyekaza nati jukwaani hana h. Mpishi aliyewalisha wahandisi hana. Na herufi U, pamoja na kurudiwa kote huko, haiwezi kuomba kazi wala kupandishwa cheo.

Utaniambia, kwani mvuvi wa Ngomeni aligundua nyota gani? Hakugundua, na kumwandika kama mtafiti kungekuwa uongo. Haki ya mtu si kupewa sifa ya kazi ambayo hakuifanya. Lakini kati ya kuwa mtafiti na kuwa si kitu kuna nafasi kubwa, na ndani yake ndimo watu wengi wa nchi zetu wamewekwa: wenyeji wakarimu, wanaoshukuriwa kwa jina zuri.

Rafiki yangu anasomea uzamivu wa astronomia. Miezi mingi amekuwa akisafisha data za darubini kwa ajili ya kundi la watafiti wa ng'ambo. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa chini kabisa, kwenye aya ya shukrani. “Shukrani hazihesabiwi,” aliniambia, akacheka, lakini si kicheko cha raha. Yeye hakuwa mwenyeji mkarimu. Alifanya kazi ya utafiti yenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Hapo ndipo naona tofauti ya shukrani na haki. Shukrani hutolewa na mwenye nacho, anapotaka, kwa kiasi anachotaka. Haki unaweza kuidai hata kama aliyekunyima ni mtu mwema kabisa. Namba ya h haina dhambi. Dhambi ni kuisoma kana kwamba inaonyesha thamani ya mtu, bila kuuliza nani alikuwa na nafasi ya kuandika na nani aliachwa aya ya mwisho.

Swali hili si la 1970 tu. Kenya ni mojawapo ya nchi 8 za Afrika zilizo washirika wa Afrika Kusini katika mradi wa darubini kubwa ya redio, SKA. Tutaombwa tena ardhi, ukimya wa mawimbi na vijana wa kuchambua data. Tusikatae. Ila kabla ya kuuliza kitu hicho kitaitwaje, tuulize mapema, kwa maandishi, nani ataandika makala na majina yatapangwaje. Jina zuri tulishapewa mara moja, nalo lingali huko juu kwenye orodha za nyota. Safari hii tudai pia nafasi mezani.