Sikio la Bikizee

Je, mtambaji hufungwa na jambo alilolizua mwenyewe? Wasukuma, wenyeji wa Shinyanga na Geita, humtamba Masala Kulangwa, aliyeliua zimwi Shing'weng'we, akalipasua tumbo, na watu liliowameza wakatoka hai. Katika kupasua, kisu kikamkata bikizee sikio. Shangwe ingetosha kulifunika; lakini ngano hailisahau: bikizee aghadhibika, na shujaa hana budi kumtibu. Nasi visiwani, tukishaitikia "Pakawa!", twamwachia mtambaji azue zimwi lolote; ila jeraha alilokwisha kulitaja si lake peke yake tena. Nilipoitia ngano hii katika mashairi, vina vilinibana, nikaliacha sikio bila dawa. Mjukuu wangu akaniuliza kama bikizee angali akivuja damu.