Nani Alikufanyia Hii Kazi?

Mwite fundi yeyote Kenya hii aje kukurekebishia kitu. Baada ya salamu atakipindua kiti, au afungue swichi, au achungulie chini ya sinki. Atatikisa kichwa. Kisha atauliza: "Nani alikufanyia hii kazi?" Hangoji jibu. "Huyo alikuibia, boss."

Huwa tunacheka, kwa sababu tunajua fundi wa tatu atakuja kusema hayo hayo kuhusu huyu wa pili. Ni sehemu ya biashara, kama vile muuza mitumba kuapa kwamba shati ni ya kamera. Lakini tukiacha kicheko kando, hilo ni swali la mtu anayejua mahali pa kuangalia. Mimi na wewe tunaangalia rangi. Yeye anaangalia chini. Na ndipo linapokuja swali ambalo limenisumbua: fundi akifanya kazi nzuri mahali ambapo mteja hataona kamwe, anamfanyia nani?

Tulipeleke swali hilo Tongaren, kaskazini mwa Kaunti ya Bungoma, upande unaopakana na Trans Nzoia. Hii ni nchi ya mahindi. Mashamba mengi ya huko yalikuwa ya walowezi, yakakatwa vipande na kugawiwa familia za Waafrika wakati wa Uhuru. Katika vituo kama Ndalu, Naitiri na Tongaren kwenyewe utakuta karakana za mabati kando ya barabara, vitanda na milango vimeegemezwa nje, vumbi la mbao limetapakaa chini. Mahindi yakishauzwa, watu wanakumbuka kwamba meza ya nyumbani ina mguu mbovu.

Tuseme mama mmoja ameuza magunia yake na anataka meza na viti sita. Anafika kwa fundi. Ana njia tatu za kupima kazi: anaitazama, anaipapasa, anaketi. Vanishi inang'aa, msasa umepita vizuri, kiti hakiyumbi. Analipa. Kuna mambo mawili ambayo njia hizo tatu haziwezi kumwambia. La kwanza, je, mbao ilikuwa imekauka? Ubao uliopasuliwa juzi na ubao uliokaushwa kivulini miezi mingi, ukivipaka vanishi, vinafanana kama mapacha. La pili, je, ndani ya kiungo kuna ulimi wa mbao ulioingia barabara kwenye tundu lake, ama kuna misumari miwili na gundi iliyokorogwa na vumbi la mbao kuziba pengo?

Jibu la yote mawili litakuja, lakini litakuja baadaye. Mbao mbichi hunywea inapokauka. Inapinda, inapasuka, inaachana na gundi. Kufikia wakati huo pesa ya mahindi imeshalipa karo, na fundi anasema labda mama aliweka kiti juani.

Nisiwe mwepesi wa kumhukumu fundi huyo. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni kwamba ubao unaokaushwa kwa hewa unahitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Sasa mwambie hivyo mteja aliyelipa nusu ya pesa na anataka meza Jumamosi kwa sababu wageni wa ruracio, au wa mahari kwa jina lolote mnaloliita kwenu, wanakuja Jumapili. Mbao iliyolala stoo mwaka mzima ni pesa iliyolala mwaka mzima. Halafu Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikadumu zaidi ya miaka mitano, hadi Julai 2023 ilipotangazwa kwamba inaondolewa. Fundi mdogo alilazimika kutegemea zaidi mti wa shamba la jirani: mkaratusi, grevilea, saiprasi iliyopandwa mpakani. Mti unakatwa wiki hii, wiki ijayo ni kitanda. Fundi mwaminifu katika hali hiyo anauza ghali na kwa kuchelewa, huku mwenzake wa kando akiuza rahisi na leo leo. Mteja hawezi kuona tofauti. Kwa hiyo uaminifu unamgharimu fundi kila siku, na hakuna anayemlipa kwa ajili yake.

Aristotle, katika kitabu chake kuhusu siasa, aliuliza ni nani anayefaa kuhukumu kazi ya fundi, na jibu lake lingempendeza kila mteja. Anayeishi ndani ya nyumba anaijua kuliko aliyeijenga. Mgeni karamuni anaijua ladha kuliko mpishi. Nahodha anaujua usukani kuliko seremala aliyeuchonga. Ni kweli kabisa. Lakini nahodha anaujua usukani akiwa baharini. Siku ya kuununua, yeye naye anaangalia rangi tu. Ujuzi wa mtumiaji ni wa kweli, ila unafika ukiwa umechelewa, na wakati mwingine unafika kwa bei ambayo hakuna mtu angekubali kulipa. Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, Nairobi, na kuua makumi ya watu. Lilikuwa limewekwa alama ya kubomolewa, na bado watu walikuwa wakiishi ndani. Mpangaji anaweza kuona kama ukuta umepakwa rangi. Hawezi kuona chuma kilichomo ndani ya nguzo. Kiti kikivunjika utaanguka na kucheka, lakini mtego ni ule ule: tunalipia tunachoona na kukalia tusichoona.

Sasa, Uingereza na Marekani kuna vilabu vya watu wanaofanya useremala kwa raha zao, wengi wakiwa wamestaafu. Katika vilabu vingi, mara moja kwa mwaka kila mwanachama huleta kitu alichotengeneza, vitu vinapangwa mezani, wenzake wanavikagua na kumchagua mshindi. Zawadi huwa ndogo. Ukisikia habari hizo kutoka Tongaren unaweza kusema hao ni watu wenye muda wa kuchezea. Mimi naona wana kitu ambacho fundi wetu amekikosa. Mtu wa klabu hana mteja, ana wenzake tu. Fundi wetu ana mteja tu. Wenzake ni watu wa kushindana naye bei, na nafasi pekee wanayopata ya kukagua kazi yake ni siku kiti kimeshavunjika, wakiwa kwa mteja, mwenyewe hayupo, nao wana kila sababu ya kumponda ili wapewe kazi. "Nani alikufanyia hii kazi?" ni hukumu ya mtaalamu inayotolewa mahali pabaya: nyuma ya mgongo wa anayehukumiwa.

Mashindano ya mafundi yangeileta hukumu hiyo hiyo mbele ya uso wake. Hii ndiyo maana naona jambo hili si mchezo wa wastaafu. Kiti kikiwekwa mbele ya maseremala kumi na watano, hakuna atakayeanza na vanishi. Watakigeuza miguu juu.

Kuna pingamizi mbili ambazo siwezi kuziruka.

Ya kwanza ni ya Adam Smith, aliyeonya mwaka 1776 kwamba watu wa biashara moja wakikutana, hata kwa starehe, mazungumzo huishia kwenye njama dhidi ya wananchi au mbinu ya kupandisha bei. Tunajua anachosema. Tumeona watu wa taaluma moja wakilindana hadi aibu. Waweke mafundi waamue wenyewe kazi nzuri ni ipi, na huenda wakaamua kwamba nzuri ni ya mwenyekiti wa chama. Ya pili ni kwamba mashindano yanaharibu kazi kwa njia yake. Watu hutengeneza kinachoshinda. Utaletewa kitanda chenye simba wawili wamechongwa kichwani, kilichofanyiwa kazi miezi mitatu, ambacho hakuna mtu atakayewahi kukilalia. Fundi yule yule kesho yake anarudi kwenye misumari miwili na gundi.

Pingamizi zote mbili zinanifanya nifikiri kwamba wema wa mashindano umo kwenye kanuni zake, wala haumo kwenye kombe. Mashindano ya WorldSkills, yaliyoanzia Uhispania miaka ya 1940 na sasa huwakutanisha vijana mafundi kutoka nchi nyingi, yanawapa maseremala mchoro mmoja wakitengeneze kitu kile kile, na viungo vina alama zake mbali na urembo wa nje. Ujerumani, kijana anayemaliza uanagenzi wa useremala lazima atengeneze kitu chake mwenyewe kama mtihani, na wanaokikagua ni watu wa kazi hiyo. Kwa hiyo wapo waliokwisha kuelewa kwamba jicho la mwenzako linahitaji kuwekewa utaratibu, la sivyo linageuka wivu au urafiki.

Tongaren, kama kila mahali Kenya, watu wanajua kuendesha chama. Wanajua daftari, faini ya kuchelewa, na mzunguko wa pesa. Tuseme basi chama kimoja cha mafundi kinaamua kwamba kila Desemba kila mwanachama alete kitu kimoja. Mimi ningependekeza kanuni tatu. Kitu chenyewe kiwe cha kawaida: stuli, kitu ambacho mama yule wa mahindi angenunua. Kiletwe bila vanishi wala rangi, kama kilivyozaliwa. Na wateja waalikwe wasimame pale pale, waone mafundi wanaangalia wapi. Hiyo ya tatu ndiyo dawa ya wasiwasi wa Smith. Njama inahitaji mlango uliofungwa. Mteja aliyeona mara moja stuli ikigeuzwa miguu juu hatanunua tena bila kuigeuza, na fundi mwaminifu kwa mara ya kwanza atalipwa kwa kile ambacho alikuwa akikitoa bure.

Lakini swali langu la mwanzo bado lipo: anamfanyia nani? Mpaka hapa jibu langu limekuwa fundi anayekuja baada yake, yule atakayekifungua kiti siku moja na kutikisa kichwa, au asitikise. Naamini ni jibu zuri. Hata wewe unayeandika programu za simu pale Kilimani unamjua mtu huyo. Umeshafungua kazi ya aliyekutangulia na kuuliza kwa sauti kubwa nani aliandika huu uchafu. Heshima ya kazi nyingi inashikiliwa na hofu ya mgeni huyo wa kesho.

Jibu hilo linashindwa mahali pamoja. Maseremala wa vijijini hutengeneza pia majeneza. Jeneza litaonekana siku moja au mbili, kitambaa kikiwa kimefunika ndani, halafu litashuka ardhini. Halitarekebishwa. Hakuna fundi wa pili. Mtumiaji wa Aristotle hana la kusema. Kama kuna kazi duniani ambayo unaweza kuifanya ovyo bila kujulikana, ni pembe ya ndani ya jeneza.

Wengi watasema Mungu anaona, nami sina ugomvi nao. Ila kuna mwingine anayeona, na yuko karibu zaidi. Jeneza mara nyingi ni kazi ya haraka, ya usiku, na fundi huwa hayuko peke yake. Kuna kijana anayemshikia ubao. Huyo anaangalia kila kitu. Usiku huo anajifunza ni pembe gani zinaweza kurukwa na mtu gani anaweza kupunjwa kwa sababu hawezi kulalamika. Hakuna anayemwambia kwa maneno. Wiki ijayo mikono hiyo hiyo itakuwa inatengeneza kitanda cha mtoto, nayo itakumbuka.

Kwa hiyo kazi iliyofichika ina mashahidi wawili: anayekuja baada yako na aliye kando yako. Mteja si mmoja wao, ingawa ndiye anayelipa, na ndiye atakayekaa. Maadili ya kazi yanakuwa magumu hapo hapo, kwa sababu anayelipa haoni na anayeona halipi.

Ndiyo maana ningeongeza kanuni ya nne kwa chama changu cha kubuni, na najua itawaudhi wanaopenda makofi. Mshindi asitangazwe siku ile. Stuli zipigwe alama, zipelekwe majumbani, zikaliwe. Zipite kiangazi cha Januari na mvua za Aprili, watoto wazisimamie kufikia sukari kabatini, wazee wazikalie wakinywa chai. Desemba inayofuata zirudishwe, zigeuzwe miguu juu tena, huku mwenye nyumba akisema jinsi zilivyomkalia na mafundi wakisoma viungo. Wakati huo Aristotle na mafundi watakuwa wanazungumzia kiti kimoja. Na kijana aliyeshika ubao atakuwa amesimama pale, akingoja kusikia jibu la swali lile lile la zamani, safari hii aliyeifanya kazi akiwepo: "Nani alifanya hii?"